Mapromota wa Kisumu na Nakuru, hizo fomu zenu za "chagua aina moja" zinatuua

Wasee nimekasirika na nitaandika ndefu, asiyetaka apite. Huu uzi ni wa mapromota na majaji wa mashindano ya muziki huku kwetu, Kisumu, Kakamega mpaka Nakuru, wale wa kukupatia fomu yenye visanduku: Benga, Ohangla, Injili, Hip hop, Asili, DJ. Tia tiki moja. Ukitia mbili fomu inarudishwa, na ukiuliza kama kuna pa kuandika "nyinginezo" unaangaliwa kama mtu amekuja kudai deni.

Mimi nasimamia vijana wawili wa hapa Kondele. Mmoja anapiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi nane cha Wajaluo, mwingine ako na laptopu na sampla, mashine ya kurekodi na kukatakata sauti. Na tuelewane hapo, hii si ile ya kuchukua biti ya kudaunlodi halafu unaweka nyatiti juu iwe pambo. Mpigaji nyatiti anavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, oduong'o, na kazi yake ni kugonga ule mti wa chombo akiwa anapiga nyuzi. Sasa hao vijana wamebandika pikapu, kile kidude cha kunasa sauti, hapo kwa mti, ule mgongano wa chuma unaingia kwa laptopu, unashushwa chini mpaka unakuwa besi ya kutikisa kifua, na njuga za mguuni, zile gara, zinakatwakatwa ndio zinakuwa haihati, zile sahani za chuma za drams. Hakuna ngoma ingine mahali popote. Ukitoa ule mguu hakuna wimbo. Haya niambieni, hiyo ni Asili ama ni DJ?

Kwa shindano la kwanza walituweka Asili. Fundi wa mitambo akaleta maiki moja ya kuimbia na stendi yake akaenda zake, ati watu wa asili huwa hawana mambo ya waya. Nikamwomba laini mbili tu za kuchomeka waya kwa mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, akaniambia zimewekewa DJ. Laini ziko pale mbele yangu, hazina kitu, na mtu ananiambia haziwezi kutumika kwa sababu ya karatasi! Kijana akakaa kwa kigoda chake akapiga, oduong'o ikagonga, hata safu ya pili hawakusikia, na mwenzake amesimama kando na laptopu imewaka kama mtu wa kuuza chaja. Jaji akaandika "hawana mdundo". Nilitaka kulia, walai.

Shindano lililofuata tukasema sawa, tuandike DJ. Hapo tukapewa laini za kutosha, na malipo yalikuwa karibu mara mbili ya wale wa Asili, na saa nzuri ya usiku watu wamejaa. Lakini maiki ya nyatiti hakuna, kigoda hakiruhusiwi kwa steji ya DJ, na alama zikakatwa kwa sababu "hawakuunganisha nyimbo". Waunganishe nyimbo za nani na wanapiga zao?

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Kama hicho kisanduku kingekuwa jina tu la kuweka kwa bango ningenyamaza. Lakini ndicho kinaamua unapata nyaya ngapi, unapanda saa kumi na jua ama saa nne usiku, unalipwa ngapi, na jaji anasikiliza nini. Yaani wimbo umeshahukumiwa kabla haujapigwa.

Na msiniambie ati muziki usio na jina hauuziki. Just A Band walianzia Kenyatta University 2003, wimbo mmoja hausi, unaofuata fanki, mwingine wanarap, na wimbo wao Ha-He wa 2010 ukatoa Makmende, yule shujaa wa video yake, nchi nzima ikawa haiongei kitu kingine. Nani aliwauliza nyinyi ni aina gani? Duma, vijana wa Nairobi, mmoja anapiga mayowe ya metali na mwingine anamwaga ngoma za mashine kwa kasi ya kichaa, albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kampala, si hapa! Tamasha la Nyege Nyege lenyewe lilianzia Jinja 2015, na ukiwa Kisumu Jinja iko karibu kuliko Nairobi. Huko ng'ambo Aphex Twin, Mwingereza wa muziki wa elektroniki, alitoa albamu ya Drukqs 2001, ndani kuna ngoma za kukimbia hadi unachanganyikiwa halafu ghafla ni piano pekee yake, na watu walinunua hivyo hivyo. Hata wazungu wa London walikaa chini na Joseph Nyamungu na nyatiti yake wakatengeneza Owiny Sigoma Band, albamu ya kwanza 2011, na ile ya 2015 wakaiita Nyanza. Nyanza, jameni, na sisi tunaoishi huku tunanyimwa waya.

Alafu hiyo benga mnayoilinda ilitoka wapi? Si ni gitaa la umeme lililofunzwa kuchezwa kama nyatiti? Na ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, siku hizi si kinanda cha umeme kiko mbele kabisa? Wazee walichanganya bila kuomba ruhusa ya mtu, leo nyinyi mmekalia mlango.

Ninachotaka si kikubwa. Toeni hicho kisanduku, mwulize mambo ya maana: mko na vyombo gani, mnahitaji laini ngapi, mnakaa ama mnasimama, saundicheki mnataka dakika ngapi. Malipo yafuate muda wa kupiga, si jina. Na jaji apewe rekodi asikilize nyumbani kabla ya siku yenyewe.

Kama kuna wengine huku, Eldoret, Busia, Siaya, popote, mmefanyiwa hivi, andikeni hapa mliwekwa wapi na mkalipwa ngapi. Na wewe promota uliyekata balansi ya hawa vijana ati "hawakupiga aina waliyoandikisha", najua unasoma huku. Wamepiga dakika zote ulizowapa na umati haukutoka. Lipa.