Naomba ushauri: daftari la kadi za taroti linaandikwaje? Ndiyo kwanza naanza

Asumini wa Chuda
Habari za usiku wakuu. Niko Tanga. Huu ni mwezi wa pili tangu nianze kujifunza kadi za taroti, zile za picha za kupigia ramli, na nimesoma kwamba anayeanza awe na daftari, kila kadi anayotoa aiandike. Ninalo, kaunta buku la kwaya mbili, lakini naona naandika ovyo. Niandike nini, niache nini? Kadi moja kwa siku au tatu? Na kadi ile ile ikikujia mara kwa mara, unaiandika kila inapokuja au mara moja inatosha? Naomba anayejua anijibu kabla ya Jumapili. Mwenye matusi apite kimya kimya.

Mzee wa Rakaa Mbili
Binti yangu, ramli ni ramli, iwe ya mchanga, ya bao au ya makaratasi ya Kizungu. Ukiwa na jambo kuna sala ya istikhara, rakaa mbili, na haihitaji daftari. Ya kesho anayajua Mola peke yake.

Nahodha wa Sahare
Marehemu baba alikuwa na daftari la namna hiyo, ila lake la bahari. Kila jioni aliandika upepo, maji na alichopata. Kusi limeanza lini, leo bamvua, leo maji mafu. Lilikuwa linanuka mafuta ya taa, na kurasa za katikati zilishikana kwa chumvi, mpaka leo nikitaka kuzifunua napitisha ncha ya kisu taratibu. Siku aliyorudi mikono mitupu aliiandika kama nyingine, kwa wino ule ule. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini ajisumbue kuandika siku isiyo na samaki. Akasema hizo ndizo zinazomwonyesha pa kutokwenda. Sijui kama nimekusaidia dada, nimemkumbuka mzee tu.

Daftari Jeusi
Shikamoo Mzee wa Rakaa Mbili. Kwa heshima zote, kadi hizi zilianzia Italia ya kaskazini karne ya 15, watu wakizicheza kama sisi tunavyocheza karata. Kuzipigia ramli kulienea baadaye sana, Ufaransa, karne ya 18. Zenye picha wanazoanzia wengi zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909.

Asumini, mimi niko Bagamoyo, nina mwaka wa tatu nazo. Andika tarehe na saa. Andika swali neno kwa neno KABLA hujachanganya kadi, maana ukishaiona kadi utalipinda swali lifanane nayo bila kujijua. Andika kadi iliyotoka na kama imekuja kichwa chini. Halafu andika unachokiona wewe kwenye picha kabla hujafungua maana za watu. Nusu ya ukurasa iache wazi. Baada ya wiki tatu rudi hapo uandike kilichotokea kweli. Mimi ile nusu ya chini ndiyo iliyonifundisha, ya juu nilikuwa najifurahisha.

Kadi moja kwa siku inatosha. Zote ni 78: kubwa 22, na ndogo 56 za makundi manne, fimbo, vikombe, panga na sarafu. Usizikimbilie. Inayorudi iandike kila inaporudi. Ni ipi hiyo?

Asumini wa Chuda
Asante sana. Ni Mnara, namba 16. Radi imeupiga, taji limeruka, watu wawili wanaanguka vichwa chini. Imenijia mara saba. Zote 78 sina. Niliprinti zile 22 steshenari, nikazibandika kwenye vipande vya maboksi ya dawa, maana nauza duka la dawa.

Kungwi wa Ngamiani
Mwanangu, radi tuiweke pembeni. Jumapili kuna nini? Mtu hajifunzi karata kwa tarehe ya mwisho.

Asumini wa Chuda
Mshenga anakuja kuchukua jibu. Posa ililetwa mwezi uliopita na mama kaipokea kwa mikono miwili. Mwenyewe mchumba ni mtu mzuri, sina baya lake. Lakini jamani, nyie mngeona Mnara mara saba mngeolewa?

Kungwi wa Ngamiani
Mimi siku ya harusi yangu Barabara ya 9 mvua ilinyesha, turubai likaanguka juu ya masinia ya pilau. Mashangazi wakasema kisirani. Huu mwaka wa 31 niko na yule yule, na kulala usingizi mmoja tumelala. Sasa niambie, mshenga umeshamjibu nini?

Asumini wa Chuda
Sijamjibu, mama. Ila bahasha ya kishika uchumba iko kwenye mkoba wangu. Mama yangu anajua iko kabatini kwake. Nataka mshenga akija aikute tayari. Hilo nimeshaamua, nilichokuja kuuliza hapa ni habari ya daftari.

Pweza Mkavu
Hii chai, tena ya rangi. Kadi 78 yeye ana 22, mara maboksi ya dawa, mara bahasha. Kesho ataibuka mtu na namba ya simu, "mtaalamu wa nyota kutoka Tanga." Mji wetu umechoka kusingiziwa. Nikiwa Dar nikisema kwetu Tanga watu wanaficha mikono. Kama ni kweli weka picha ya ukurasa.

Mtoto wa Mgandini
Naunga mkono. Nyuzi za hivi huishia kwa mganga.

Asumini wa Chuda
Picha siweki, kuna jina la mtu. Ukurasa mmoja nawanakilia ulivyo: "Jumanne, saa 4.20 usiku. Swali: niolewe? Nyota. Nimerudia. Jua. Nimerudia. Mnara. Basi." Chini kuna alama ya kikombe, nililia nikakiweka hapo.

Kipeuo cha Pili
Pweza, mtunga chai angezificha Nyota na Jua, maana hizo ni kadi za heri.

Asumini, una kadi 22, unatoa moja, unairudisha, unachanganya. Kila ukitoa, Mnara una nafasi 1 kati ya 22. Ukitoa mara 15, uwezekano wa kukutana nao walau mara moja ni nusu kwa nusu. Hesabu daftari zima, umetoa mara ngapi?

Asumini wa Chuda
Nimehesabu mara mbili. 161.

Kipeuo cha Pili
161 gawa kwa 22 ni saba na kidogo. Mnara umekuja kwa zamu yake, kama wenzake wote.

Daftari Jeusi
Mimi nauliza lingine. Nyota ilikuja ya kwanza, ukarudia. Jua likaja, ukarudia. Ulipopata Mnara ukaandika "basi". Chini ya hiyo Minara saba umeandika nini?

Asumini wa Chuda
Nimekaa nazo hapa kitandani, nimezipitia. Mara tano kati ya saba nimeandika neno moja: duka.

Aliniambia kwa simu kwamba tukioana naacha kazi, tunahamia kwao Korogwe. Hakuuliza, alisema kama jambo lililokwisha. Nilinyamaza. Mama sijamwambia. Lile duka niliingia nikiwa nafagia, leo funguo nakaa nazo mimi.

Kungwi wa Ngamiani
Haya sasa. Hilo mwite umwambie kwa mdomo wako, kabla ya Jumapili. Pengine ana jibu, pengine hana. Lakini bahasha usimrudishie mtu ambaye hujamuuliza.

Mzee wa Rakaa Mbili
Binti yangu, kusema hilo kabla ya ndoa si utovu wa adabu. Sema. Na rakaa mbili zako zipo pale pale.

Pweza Mkavu
Dada, neno la chai nimelifuta. Samahani.

Asumini wa Chuda
Nimekusamehe. Imefika saa 11 alfajiri, mama ameamka, nasikia anakanda maandazi. Bahasha nimeitoa mkobani, ninayo mkononi. Naenda jikoni.

Nahodha wa Sahare
Tunasubiri mrejesho, mwanangu.