Kutembea kutwa kando ya Mto Karura

Swali: Mimi na rafiki yangu tunakusudia kutembea kutwa Msituni Karura, jijini Nairobi, tukiandama mto. Tujiandae vipi, ndugu zangu?

Jibu: Ingieni asubuhi na mapema kupitia lango la Barabara ya Limuru, mfuate njia ya mto yenye mapango waliyojifichia wapiganaji wa Mau Mau na maporomoko ya takriban mita 15, ambayo manyunyu yake huwafikia wanaosimama karibu. Udongo mwekundu huteleza mno baada ya mvua.

Jibu: Naunga mkono. Msitu huu, ambao mimi naupenda kwa dhati, ungalikwisha kugawanywa viwanja lau mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wasingalikwenda kupanda miti Januari 1999, wakapigwa. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku humo tangu Juni 2020. Bebeni za chuma.