Kitabu cha Katherine Paterson kwa mtoto wa miaka 11?

MamaWawili_Kisumu: Hamjambo wapendwa, binti yangu alifiwa na rafiki yake wa dawati moja muhula uliopita, tangu hapo haongei sana, sasa nimepata Bridge to Terabithia kwa vitabu vya mtumba na nasikia ndani kuna mtoto anakufa, nimpe ama niache?

Tichaa_Nakuru: Pole sana mama. Mpe lakini msome pamoja. Paterson aliandika hiyo juu rafiki ya kijana wake alipigwa na radi 1974 akafa, kijana alikuwa na miaka 8 tu. Ilishinda Newbery, ile tuzo ya vitabu vya watoto ya Marekani, 1978, akashinda tena 1981 na Jacob Have I Loved.

Msomaji_Kakamega: Na yeye mwenyewe alizaliwa Uchina 1932, wazazi wamisionari, vita vikawahamishahamisha, kila shule yeye ni mgeni. Naona ndio maana anawajua sana watoto wapweke. Soma pia The Great Gilly Hopkins, hiyo inaniliza mpaka leo.

MamaWawili_Kisumu: Asanteni jamani. Tumeanza jana usiku, tukafika pale yule msichana Leslie anawashinda wavulana wote mbio, binti yangu akanishika mkono akasema "hata yeye alikuwa anakimbia hivyo". Mara ya kwanza kumtaja rafiki yake tangu tumzike.