MMA ya kulipwa Tanga: iruhusiwe? Na kijana asipoinuka, nani atawajibika?

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi. Naleta suala ambalo vijiweni Ngamiani na Makorora linazungumzwa kwa ushabiki tu, na mimi nataka tulizungumze kwa hoja. Vijana wengi wa hapa mjini wanaofanya karate, ngumi na mateke wanataka siku moja Tanga iandae usiku wa mapambano ya MMA ya kulipwa: kizimba, refa, mkanda, kiingilio mlangoni. Wengine wanasema huo ni ushenzi, upigwe marufuku kabla haujafika. Mimi nasema uje. Ila hata tiketi moja isiuzwe mpaka fedha ya kuwatibu wapiganaji iwe imeshawekwa mahali ambapo promota hawezi kuigusa.

Kwa asiyeufahamu: ndani ya pambano moja unaruhusiwa ngumi, teke, goti, kiwiko, mieleka na kabari. Raundi ni ya dakika 5, kwa kawaida raundi 3, za ubingwa 5. Glovu zina wakia 4 na vidole viko wazi ili mtu aweze kushika. Bondia huvaa za wakia 8 au 10. Unashinda kwa nokauti, kwa pointi, kwa refa kusimamisha, au kwa mwenzako kugonga mkono kwamba amekubali.

Hiyo sifa ya ushenzi haikuzuliwa. UFC, shindano kubwa la MMA la Marekani, lilifanyika mara ya kwanza Denver tarehe 12 Novemba 1993, bila madaraja ya uzito wala majaji. Seneta John McCain aliufananisha mchezo huo na kupiganisha majogoo, isipokuwa hapa ni binadamu, na majimbo mengi yakaufungia milango. Uliokolewa na kanuni. Kuanzia New Jersey, mwaka 2000 na kuendelea, ziliandikwa kanuni za pamoja: hakuna kumpiga mtu kwa kichwa, hakuna kidole jichoni, hakuna kupiga kisogo, hakuna kumpiga teke la kichwa mtu aliyekwisha kwenda chini. New York walikataa hadi 2016. Ufaransa walikataa hadi 2020, na walipofungua mlango waliukabidhi mchezo kwa shirikisho la ngumi lililokuwepo tayari. Hapo ndipo ninapoona njia yetu. Tuna Baraza la Michezo la Taifa, BMT, kwa sheria ya 1967, na tuna Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC. Kazi hii ipewe chombo chenye anwani na wenye kuulizwa, isiachiwe mtu mwenye spika na mabango.

Kwamba vijana wana ndoto, sibishani nao. Mwaka 2021 Waafrika watatu walishika mikanda ya UFC kwa wakati mmoja: Kamaru Usman na Israel Adesanya waliozaliwa Nigeria, na Francis Ngannou wa Kamerun, ambaye utotoni alichimba mchanga kwa kibarua. Na sisi Tanga hatuhitaji kwenda mbali. Hassan Mwakinyo ni wa hapa hapa. Septemba 2018 aliitwa Birmingham kuziba nafasi, akammaliza Sam Eggington raundi ya 2 mbele ya watu wake. Ukimwambia kijana wa Mabawa kwamba mchezo wa kupigana hauna mahali unapomfikisha, anakutajia jina hilo na mjadala unaishia hapo.

Lakini kuna jina jingine ambalo vijana hawalitaji. Booto Guylain, Mkongo, alipigwa nokauti kwenye pambano la MMA karibu na Johannesburg mwishoni mwa Februari 2014, akafariki siku chache baadaye kwa jeraha la ubongo. Hiyo ni Afrika Kusini, nchi iliyotutangulia sana kwa maandalizi. Damu ikivuja ndani ya fuvu, saa chache tu ndizo zinazoamua. Sasa fikirini saa tano usiku, kijana anatapika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Anakimbizwa hospitali ya mkoa, Bombo, na ikionekana lazima afike MOI Muhimbili, Dar es Salaam, wanakopasua ubongo, kuna kama kilomita 350 za barabara mbele yake. Nani analipa gari la wagonjwa? Nani analipa upasuaji? Promota mwenyewe waja leo waondoka leo. Asubuhi simu yake haipatikani, na familia inabaki kuchangisha kwenye kundi la WhatsApp.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Raskazone

Mkuu, nimekusoma, ila kwa masharti hayo unataka kuuzika mchezo kabla haujazaliwa. Promota gani wa mkoani ataweka fedha benki kabla hajauza tiketi? Anategemea mlango. Hata huo udhamini wenyewe hauji mpaka watu waone bango.

Halafu MMA inaonewa. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilipitia kumbukumbu za daktari aliyewapima wapiganaji baada ya mapambano: wa MMA 1,181 na mabondia 550. Wa MMA waliumia zaidi, asilimia 59 kwa 50, lakini ni michubuko, mipasuko na vidole. Waliopoteza fahamu ni asilimia 7 ya mabondia na 4 ya wa MMA. Sababu inaeleweka: kwenye MMA ukizidiwa unagonga mkono, mambo yanaisha. Bondia anahesabiwa, anainuka, anapigwa tena kichwa kile kile. Mbona ngumi mnazishangilia?

Mama wa Chumbageni

Mimi ni mzazi na sitaki, nawaambia mapema. Tumefundishwa madrasa kwamba uso haupigwi, hata katika ugomvi. Hizo ngumi pia sizipendi, kwa hiyo msiniambie nabagua. Lakini bondia akianguka, mwenzake anaamriwa aende kona. Huku nimeona kwenye simu ya mwanangu: mtu ameanguka, mwenzake anamkalia kifuani na kuendelea kumpiga usoni, na watu wanashangilia. Mtoto wa miaka kumi anajifunza nini hapo? Na msinifiche, kuna watu hawataki mchezo, wanataka kuweka mikeka yao.

Kocha wa ngumi

Nimefundisha vijana hapa Tanga kwa muda mrefu. Ninachokiogopa ni tofauti na hivyo vyote.

Promota akikosa mpinzani siku za mwisho atakuja jimu kwetu. Atasema, "Kocha, nipe kijana mmoja, ana ngumi nzito, inatosha." Haitoshi. Katika UFC hiyo ya 1993 aliyoitaja mleta mada, alikuwepo bondia Art Jimmerson aliyeingia na glovu moja tu, ya mkono wa kushoto. Royce Gracie akamwangusha, akamkalia, na Jimmerson akagonga mkono kabla hajapigwa sawasawa, kwa sababu hakuwa na la kufanya akiwa chali. Mwaka 2010 James Toney, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi katika uzito zaidi ya mmoja, aliingia kizimbani na Randy Couture. Alishikwa mguu sekunde za mwanzo, akaenda chini, akapigwa kabari raundi ya kwanza. Hao ni mabondia wakubwa. Kijana wangu wa Donge asiyewahi hata kufundishwa kuanguka mnataka aende kufanya nini mle?

Na refa. Hili naomba mlisikilize vizuri. Refa wa ngumi amezoea kutazama macho na miguu. Kwenye kabari anatakiwa atazame mkono. Mtu amebanwa shingo kutoka nyuma, kiganja chake kimeshika mkono wa aliyembana, kinavuta. Ghafla kile kiganja kinalegea. Hakugonga, hakusema kitu, amezimika. Damu haiendi kichwani, na kila sekunde unayochelewa ni yake. Refa aliyesimama upande usio sahihi hakioni kile kiganja. Mwingine anaona lakini anangoja agonge. Na mtu akidondoka kwa ngumi, refa wa kwetu mwili wake umezoea kuanza kuhesabu moja, mbili, tatu. Kule hakuna kuhesabu. Anatakiwa ajirushe katikati pale pale. Alichokiona Mama kwenye simu, mtu kuendelea kupigwa wakati ameshaisha, mara nyingi ni kosa la refa kuchelewa.

Fedha benki ni sawa. Lakini fedha inatibu aliyekwisha umia.

Mchangiaji, Makorora

Kwani itafanyika wapi? Mkwakwani au Tangamano? Mimi naona Mkwakwani pakubwa mno, kizimba utakiona kwa mbali.

Muuguzi

Naongezea mawili ya kitabibu.

La kwanza, kupunguza uzito. Desemba 2015 Yang Jian Bing, Mchina, alifariki Manila hata kabla ya kupigana, kwa kukausha maji mwilini ili afike kwenye uzito. Baada yake kampuni ile, ONE Championship, ikakataza kupunguza uzito kwa kukausha maji na kuanza kupima wapiganaji zaidi ya mara moja. Sisi tuna joto la pwani, na kijana anakimbia barabarani saa nane mchana amevaa koti la mvua. Upimaji wa mara moja hauoni kitu.

La pili, kupumzishwa. Mtu akipigwa nokauti, wenzetu wanamfungia siku 30, 60 au 90 asipigane wala asifanye mazoezi ya kupigwa kichwa, kwa sababu ubongo ambao haujapona hauvumilii pigo la pili. Hapa kwetu anazimika Tanga Jumamosi hii, mwezi unaofuata anapanda basi kwenda kupigana Dar kwa promota mwingine. Kitabu cha mpiganaji kiandikwe na daktari, na bila kitabu asipande.

Mleta mada

Nimesoma wote. Nijibu kwa kadiri ninavyoweza.

Ndugu wa Raskazone, takwimu zako nazipokea, na ndiyo maana sisemi MMA ipigwe marufuku ngumi ziachwe. Lakini zinanipa mimi nguvu zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2024 bondia kijana alipigwa nokauti Dar es Salaam akafariki, na ngumi zina kamisheni. Kama palipo na kamisheni tunazika, pasipo na chombo itakuwaje? Kuhusu promota asiye na fedha kabla ya tiketi, jibu langu ni gumu na sitalilegeza: asiyemudu bima ya wapiganaji kumi hamudu kuandaa usiku wa mapambano. Aandae tamasha la muziki. Hakuna mwanamuziki anayelipwa ili apigwe kichwani.

Mama, shikamoo. Sina la kukupinga kwenye imani yako wala sitajaribu. Ila marufuku peke yake haijawahi kumaliza kiu ya mchezo. Zanzibar walifunga ngumi tangu miaka ya 1960, zikarudi 2023, na wapenzi wake walikuwepo muda wote huo. Tukikataa hapa, vijana watakutana kwenye ua wa mtu, bila daktari, na simu kumi zinarekodi. Hilo la watoto umesema kweli tupu: chini ya miaka 18 asiingie, na mlangoni akae mtu anayeweza kumzuia hata mtoto wa mheshimiwa.

Kocha, umenibadilishia mpangilio. Nilianza na fedha, sasa naona refa atangulie. Pendekezo langu: isianze ya kulipwa. Waanze ridhaa, raundi fupi, vikinga ugoko, bila viwiko na bila magoti ya kichwa, na mwaka mzima huo utumike kufundisha marefa na madaktari wetu. Na bondia asiruhusiwe kuingia kizimbani mpaka kocha wa mieleka au judo athibitishe kwa maandishi kwamba anajua kujikinga akiwa chini. Dada muuguzi, kitabu cha mpiganaji nakiweka kama ulivyosema, na uzito upimwe mara mbili.

Wa Makorora, Tangamano panafaa, ila kibali kwanza.

Nataka tuandike barua kwa Afisa Michezo wa Jiji, nakala BMT na TPBRC. Ikae mezani kwao kabla promota wa kwanza hajabisha hodi, maana akishalipia ukumbi na kuchapa mabango, hakuna ofisi itakayokuwa na moyo wa kumrudisha.

Mchangiaji, Raskazone

Kuanza na ridhaa naunga mkono. Bado bima naiona kubwa, ila angalau iwe kiwango kinachojulikana, kiandikwe, si kila ofisi ipange yake. Promota akijua kiasi mapema atakitafuta kwa wadhamini.

Kocha wa ngumi

Barua nitasaini. Lakini mwalimu wa marefa lazima atoke nje ya mkoa, pengine nje ya nchi. Nauli na malazi yake nani? Msije mkasema jimu zichange, jimu yangu mifuko ya kupigia nimeshona kwa viroba.

Mleta mada

Jimu zisiguswe. Anayetaka kibali cha usiku wa kwanza wa kulipwa ndiye agharamie mafunzo ya refa mwaka unaotangulia, na stakabadhi aiambatanishe na maombi. Nakiandika kifungu hicho leo, Kocha, kesho nakuletea ukisome kabla hatujaipeleka.