Mjadala: Kraftwerk walikuwa na haki ya kuubadilisha wimbo wao wa 1975?

Mleta mada: Wakuu, hili limenikaa rohoni. Kraftwerk, ile bendi ya muziki wa elektroniki ya Wajerumani wa Düsseldorf, walitoa "Radioactivity" mwaka 1975. Maneno yake yalikuwa fumbo tupu: mionzi iko hewani, aliyeigundua ni Marie Curie, basi. Jina lenyewe linachezea redio na mionzi kwa mpigo mmoja. Hukujua kama wanaisifia au wanaiogopa.

Mwaka 1991, miaka mitano baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, wakaurekodi upya na kuimba neno moja mbele ya jina: "Stop", yaani komesha. Sauti ya mashine ikataja Chernobyl, Harrisburg, Sellafield, Hiroshima, sehemu zilizopatwa na maafa ya nyuklia. Julai 2012, kwenye tamasha la kupinga nyuklia lililoandaliwa na mwanamuziki Ryuichi Sakamoto huko Japani, wakaingiza Fukushima, kulikotokea ajali ya nyuklia mwaka 2011, na kuimba beti za Kijapani. Nasema walifanya sawa kabisa.

Mchangiaji: Mkuu, nakupinga. Fumbo ndilo lililokuwa roho ya wimbo. Mwimbaji wa taarabu akianza kumtaja kwa jina anayemsema, hapo taarabu imekwisha, umebaki ugomvi. Halafu siku hizi jukwaani ni kompyuta tu. Zile sauti za sinthesaiza (kinanda cha umeme) za zamani, zilizokuwa zikiyumba kidogo kama mtu anayepumua, zimenyooshwa zote. Nilioupenda mimi ni ule wa mwanzo.

Mleta mada: Ule wa mwanzo upo, ndugu yangu, hakuna aliyeufuta; weka sahani ya 1975 usikilize. Na hoja ya taarabu ni nzito, lakini fumbo hufanya kazi pale ambapo aliyeumizwa na aliyeumiza wote wanajua linamhusu nani. Mtu aliyehamishwa nyumbani kwake Fukushima mwaka 2011, umwimbie kwamba mionzi iko hewani, uishie hapo? Huyo anastahili kutajiwa mji wake, tena kwa lugha yake.

Kwenye sauti nakubaliana nawe, tena kuliko unavyodhani. Majina yale yakishuka moja moja, polepole, mwili unasisimka. Kisha unaingia mdundo wa disko, na watu waliotajiwa Hiroshima muda si mrefu wanarukaruka. Hapo ndipo mimi ningewazuia. Wengine mnaupokeaje mdundo ule?