Msimamizi amerudisha pendekezo langu la utafiti: je, niombe mwingine?

Binti_Shangani: Ndugu zangu, nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia huku nikifundisha sekondari hapa Mtwara. Ninachunguza dalili za sonona kwa vijana kwa kutumia hojaji ya PHQ-9. Msimamizi amerudisha pendekezo kwa sababu ya sehemu ya maadili, na usingizi umenipotea. Je, niombe msimamizi mwingine?

MzeeNewala: Mwanangu, msimamizi hakimbiwi. Wangu alinikwamisha muda mrefu kwenye sura ya tatu, na siku ya kutetea tasnifu maswali mengi yalitoka humo humo.

Mikindani_Kwetu: Dada, washiriki wako ni akina nani, na ridhaa ya wazazi uliipataje?

Binti_Shangani: Ni wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Wameshajaza hojaji kwa ruhusa ya mkuu wa shule, kwa kuwa wazazi walikuwa mashambani wakiokota korosho, na msimu hausubiri barua za chuo. Data ni nzuri, sioni sababu ya kuitupa.

Mwl_Nachingwea: Mwanafunzi atamkataliaje mwalimu anayesahihisha mitihani yake? Mkuu wa shule hufungua lango tu. Ridhaa hutoka kwa mzazi, na mtoto mwenyewe naye lazima aulizwe.

Likombe: Nina mashaka na uzi huu. Nani anaokota korosho mwezi huu wa Mei? Huyu ametunga, wala hayuko Mtwara.

Binti_Shangani: Sijatunga, kaka. Walijaza Novemba.

Mikindani_Kwetu: Kumbe ulikusanya kabla ya pendekezo kupitishwa, na kamati za maadili kwa kawaida haziidhinishi kazi iliyokwisha kufanyika. Ila liko zito zaidi. Swali la tisa la PHQ-9 huuliza ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, mtu amewaza kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Majibu hayo uliyasoma?

Binti_Shangani: Niliyaona nilipokuwa nikiyaingiza kwenye kompyuta. Wapo waliojaza "karibu kila siku", lakini niliwaahidi usiri.

Mwl_Nachingwea: Tangu Novemba, mwalimu?

Mikindani_Kwetu: Usiri unakoma pale uhai wa mtoto unapokuwa hatarini, na jambo hilo huelezwa mapema katika fomu ya ridhaa. Hojaji zina majina?

Binti_Shangani: Zina namba za wanafunzi.

Mikindani_Kwetu: Basi wanapatikana. Leo hii mwone mwalimu wa ushauri na unasihi, watafuteni watoto hao mmoja mmoja kwa faragha, wazazi wao wahusishwe, na wapelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula. Msimamizi mweleze yote ukitoka huko.