Kanuni inanguruma jukwaani, ukumbini haisikiki. Tununue miksa kubwa zaidi?

Kijana wa Limbani

Assalaam alaykum wanajamvi. Naombeni ushauri, tena wa haraka, maana Ijumaa ya wiki ijayo tuna harusi hapa Wete, Pemba, na mimi ndiye ninayekaa kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Kikundi chetu ni cha taarab: kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayowekwa mapajani), fidla, akodiani, kinanda, besi, dumbaki na waimbaji wawili wanaopokezana. Miksa ni ya chaneli 12, yaani njia 12 za kuingizia sauti, spika ni mbili, zile zenye amplifaya ndani yake.

Waimbaji wanalalamika hawajisikii. Nikiwapandishia, maiki inapiga mluzi mpaka watu wanaziba masikio. La ajabu zaidi ni kanuni. Jukwaani inanguruma mpaka mpigaji mwenyewe ananipungia mkono niipunguze, kule kwa watu haisikiki. Kinanda nacho kinatoka nusu: mkono wa kushoto unasikika, wa kulia unapotea. Waya nimebadilisha, maiki nimebadilisha. Nadhani miksa imechoka. Je, ya chaneli 24 itatuondolea tabu hii? Na anayejua anieleze hivi vitufe vya juu vina kazi gani, maana mimi natumia geini (nobu ya nguvu ya sauti inayoingia) na ile feda ya chini (kitelezi cha kupandisha na kushusha) tu.

Darajani Dijito

Waalaykum salaam. Achana na hizo za kuzungusha kwa mkono, kaka. Chukua ya dijito, unasimama katikati ya ukumbi na tableti yako unarekebisha kila kitu, na ukimaliza unahifadhi, harusi ya pili unaita mpangilio ule ule. Mimi tangu nihamie huko sijatazama nyuma. Juzi nilikuwa Nungwi, upepo wa baharini, jukwaa mchangani, nikakaa na wageni mezani huku napunguza besi kidogo kidogo, hakuna aliyejua fundi ni nani.

Mzee wa Malindi

Wanangu, mie haya mavitufe sikuyakuta. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ilipoanza 1905 hapakuwa na maiki wala spika. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, hapakuwa na mtu wa kumpa kila mpigaji feda yake. Uwiano ulipatikana kwa kukaa: mwenye sauti kubwa anarudi nyuma, mwenye sauti ndogo anasogezwa mbele. Hata mimi kijana, nikenda kusikiliza mazoezi, maiki ilikuwa ya mwimbaji tu. Kanuni tuliisikia kwa sababu watu walinyamaza. Siku hizi watu wanazungumza juu ya ghani, ndipo kila chombo kikataka maiki.

Ummu Swafiya

Mzee umesema kweli. Na mimi niongeze: harusi zetu zina kelele kupita kiasi. Jirani ana mgonjwa, ana mtoto mchanga, nyinyi usiku wa manane mnatafuta miksa ya chaneli 24. Kwani bi harusi haolewi kwa chaneli 12?

Binti Fidla

Kijana wa Limbani, kabla ya kununua chochote nijibu hili. Umesema spika mbili. Moja iko ukumbini na moja jukwaani, au zote zinatazama watu? Na waya wa hiyo ya jukwaani umechomeka tundu gani nyuma ya miksa? Nisomee maandishi yaliyo juu ya tundu.

Kijana wa Limbani

Dada, moja ukumbini, moja jukwaani. Waya ziko sawa, aliyetufungia ni fundi mzoefu. Swali langu ni la chaneli.

Binti Fidla

Sijauliza aliyefunga. Nauliza tundu.

Machomane Boy

Yakhe msomee dada wa watu hilo tundu! Bi harusi keshapakwa hina, na sisi bado hatujajua waya umeingia wapi.

Kijana wa Limbani

Haya. Ya ukumbini imo MAIN L. Ya jukwaani imo MAIN R.

Lakini msikimbilie kunilaumu, kuna sababu. Tulifunga hivyo ili niweze kugawa. Nobu ya PAN nikiipeleka kushoto, kitu kinakwenda kwa watu. Nikiipeleka kulia, kinakwenda kwa wapigaji. Mpigaji kanuni hakuwa akijisikia, nikampeleka kulia. AUX 1 nisingeweza kuitumia kwa sababu ina kazi, inapeleka sauti kwenye boksi la ekko. Na harusi nyingi tumepiga hivi hivi, watu wametunza, hakuna aliyedai fedha yake. Ndiyo maana nasema miksa yenyewe ni ndogo. Ile ya 24 ina matundu mengi ya kutolea nyuma.

Haki Sawa

Mimi uzi huu siuamini. Mtu anayejua PAN inapeleka wapi, anajua AUX 1 ina kazi gani, halafu anauliza kwa nini kanuni aliyoipeleka kulia haisikiki kushoto? Jibu analo mwenyewe. Na tazameni, kila akiandika lazima aitaje chaneli 24. Kesho ataingia mwingine aseme "ninayo moja, njoo inbox". Kisa hiki kimetungwa ili kuuza.

Darajani Dijito

Kama unanikusudia mimi sema wazi, mimi siuzi miksa. Nimetoa ushauri.

Haki Sawa

Sijakutaja. Ila na wewe ulikuwa wa kwanza kumwambia anunue.

Machomane Boy

Na kanuni yenyewe! Unguja tu wapigaji kanuni wa kuwahesabu, leo harusi ya Wete ina kanuni? Hapo hata mimi nimeanza kuona moshi.

Kijana wa Limbani

Mpigaji wetu ni mtu wa hapa hapa, amesoma muziki Unguja akarudi kwao. Sina haja ya kumtangaza humu. Nimekuja na shida ya kweli, naitwa mwongo.

Shoga wa Konde

Mimi siwajui hawa kikundi kwa karibu lakini nilikuwa kwenye harusi moja kule Wete, nimekaa safu ya nne. Kulikuwa na kijana ameweka kanuni mapajani, vidole vinakwenda vizuri kabisa, na sauti hakuna. Nilimwambia dada yangu, yule anaigiza. Nilipopita pembeni ya jukwaa kwenda kutunza ndipo nikaisikia, tena kubwa. Ikabidi nisimame pale pale.

Binti Fidla

Haki Sawa, kuwa na shaka si vibaya, lakini hapa umekosea, na ushahidi umo kwenye uzi wenyewe. Rudi kwenye swali lake la kwanza, kabla sijamuuliza tundu. Aliandika kwamba kinanda kinatoka nusu, mkono wa kushoto unasikika na wa kulia unapotea. Vinanda vingi, ukichagua sauti ya piano, vinatandaza noti: za chini tundu la kushoto, za juu tundu la kulia. Bila shaka yeye amechomeka waya zote mbili, moja PAN kushoto, nyingine PAN kulia. Kwa hiyo ukumbi ulipata mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukabaki jukwaani. Mtunga uongo hawezi kukumbuka kuandika jambo hilo. Huyu anaandika alichokisikia.

Sasa Kijana, tuzungumze miksa.

MAIN L na MAIN R ni mchanganyiko mmoja uliogawiwa pande mbili, kwa ajili ya spika mbili zinazotazama watu wale wale. Sauti ya mwimbaji iko katikati, kwa hiyo ukimpandishia feda ili ukumbi umsikie, na spika iliyo miguuni pake inapanda kwa kiasi kile kile. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki yake, inazunguka. Mluzi unatoka hapo. Miksa ya chaneli 24 nayo ina MAIN L na MAIN R. Ukiifunga vile vile, italia vile vile.

Njia ya jukwaani ni oksi, yaani AUX. Kila chaneli ina nobu ya AUX 1, na mara nyingi AUX 2 chini yake. Ukizungusha, unachepua sehemu ya sauti ya chaneli ile na kuipeleka kwenye tundu la AUX SEND lenye namba hiyo. Swali kubwa ni inachepuliwa wapi. Fikiria bomba la maji: PRE imechepuliwa kabla ya koki, POST imechepuliwa baada ya koki. Koki ni feda yako. Monita, yaani spika ya jukwaani, ikiwa PRE, wewe cheza na feda upendavyo, mwimbaji anajisikia pale pale. Ekko inatakiwa iwe POST, ili ukimshusha mwimbaji na ekko yake ishuke naye.

Tazama kwenye miksa yako kama karibu na AUX 1 kuna kitufe kilichoandikwa PRE. Miksa nyingi za ukubwa huo AUX 1 ina kitufe hicho, na AUX 2 ni POST moja kwa moja. Kama ndivyo, boksi la ekko lihamie AUX 2. Spika ya jukwaani iingie AUX 1, kitufe kibonyezwe. Spika ya ukumbini ibaki MAIN L, na PAN zote ziwe katikati, zote, hata ya kanuni. Kinanda tumia waya mmoja tu, kwenye tundu lililoandikwa L/MONO, mikono yote miwili itatoka. Na marudio ya ekko kama yanaingia kwenye chaneli ya kawaida, AUX 2 ya chaneli hiyo iwe sifuri, la sivyo ekko inajilisha yenyewe.

Geini sasa. Geini si ya kupandishia sauti ya ukumbi. Bonyeza PFL ya chaneli, kitufe cha kuipima chaneli hiyo kabla ya feda, mwambie mwimbaji aimbe kwa nguvu yake ya harusini, si ile ya kujaribu maiki kwa "moja mbili". Zungusha geini mpaka taa zifike karibu na 0, kisha iache. Feda ianze kwenye alama ya 0. Ukigusa geini katikati ya wimbo, hata ile AUX ya PRE inabadilika, maana geini iko mbele ya yote.

Kwa waimbaji na kanuni bonyeza kile kitufe cha kukata sauti za chini, kimeandikwa 80 au 100 Hz. Besi na dumbaki usiwakatie. Kama maiki ya kanuni ni ya kondensa inahitaji 48V, umeme unaotoka kwenye miksa. Uiwashe MAIN ikiwa chini na AUX 1 ikiwa chini, vinginevyo spika zitapiga mshindo.

Na maiki za waimbaji, kama ni za aina ya SM58, mgongo wake ndio kiziwi. Spika ya jukwaani ikae mbele ya mwimbaji, usawa wa mgongo wa maiki. Hatari yenu ni wakati wa kutunza. Mtu anakuja na noti, mwimbaji anageuka kumpokea, maiki inaangalia spika, au anaikamata kichwani kwa kiganja, pale mgongo nao unaanza kusikia. Mwambieni ashike shina.

Mzee wa Malindi

Hilo la kugeuka nimeliona mara nyingi. Mluzi kila mara huja pale fedha inapokuja.

Haki Sawa

Hoja ya kinanda nimeikubali. Lakini bado kuna kitu hasemi. Mbona ameng'ang'ania hiyo 24?

Kijana wa Limbani

Nimeshalipa arubuni. Kuna duka Unguja, nusu ya bei wamepokea, iliyobaki wakati wa kupakia melini. Fedha ni ya kikundi. Mweka hazina anajua, wengine tutawaambia ikifika. Na nilifanya kwa nia njema, kikundi kinakua, tukipata mwaliko wa Unguja tutakwenda na chaneli 12? Dumbaki anataka maiki mbili, fidla wanaongezeka. Hata kama tatizo la sasa ni waya, miksa kubwa itatufaa mbele.

Ummu Swafiya

Mwanangu, fedha ya watu ni amana. Wakiambiwa baada ya kununua, wataulizwa nini tena? Waite leo, kabla ya boti, uwaambie.

Darajani Dijito

Kwa hilo niko na bi Ummu, na mimi ndiye wa kwanza niliyesema anunue.

Binti Fidla

Hesabu chaneli zako. Kanuni, fidla, akodiani, kinanda, besi, dumbaki maiki mbili, waimbaji wawili, marudio ya ekko. Kumi. Mnabakiwa na mbili. Kinachokupungukieni ni spika: ukumbi mzima unategemea moja. Waombe dukani arubuni ile ihamie kwenye spika ya pili ya ukumbini. Wakikubali, spika moja MAIN L, nyingine MAIN R, ndipo PAN itafanya kazi yake. Lakini kikao cha kikundi kwanza, bi Ummu amesema sawa.

Kijana wa Limbani

Kikao tumeitisha kesho baada ya isha. Kitufe cha PRE kipo, kilikuwa hakijabonyezwa. Tatizo jengine: tundu la AUX SEND ni la jeki ya robo inchi, na spika ya jukwaani tunaitia waya wa XLR, ule wa pini tatu. Nikate waya niunge vipi?

Binti Fidla

Tumia jeki ya pete, yenye mistari miwili myeusi. Ncha iende pini 2 ya XLR, pete iende pini 3, shina na ule waya wa nje uliosukwa viende pini 1. Namba za pini zimeandikwa kwenye XLR yenyewe, zitafute kwa tochi kabla ya kuunga waya kwa risasi ya kuchomelea. Ukimaliza, AUX 1 ya chaneli zote sifuri, spika ya jukwaani nusu, kisha umpandishie mwimbaji wa kwanza peke yake mpaka aseme basi. Kanuni ije ya pili.